Diski za mashine pepe zinabadilisha majina, skripti ishike kitambulisho gani?

Lolwe_Seva (Kisumu):
Wakuu, habari za jioni. Naandika skripti ya libvirt (programu ya kusimamia mashine pepe) kwenye seva ya KVM (mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe): usiku ichomeke diski ya bakapu kwenye mashine pepe iitwayo hesabu, asubuhi iichomoe. Kwenye XML (faili la mipangilio ya mashine) nimeandika target dev='vdc', lakini ndani ya mashine diski hiyohiyo inaonekana vdb. Stima ikipotea na seva ikawaka upya, sdb, jina la diski hiyo upande wa seva, nalo linageuka sdc. Nishike jina gani nisije nikachomoa diski ya data?

FundiKernel:
Usishike hata moja kati ya hayo. sdb hutolewa na kerneli ya seva kwa jinsi diski zilivyotangulia kuonekana. vdc ya kwenye XML ni pendekezo tu. Mfumo ulio ndani hujipangia majina yake.

Upande wa seva, source (diski halisi inayotajwa kwenye XML) iwe njia ya /dev/disk/by-id/, yenye majina yasiyofuata mpangilio wa kuwaka. Kagua kwanza kwa ls -l, maana baadhi ya kasha za USB za bei rahisi hutoa serial (namba ya utambulisho) moja kwa diski zote.

Kwa upande wa ndani, weka <serial>bakapu-01</serial> katika <disk>, kisha Linux itaionyesha kama /dev/disk/by-id/virtio-bakapu-01. Serial isizidi herufi 20! virtio (aina ya diski pepe hizi za vd) hukata zinazobaki, kwa hiyo serial ndefu mbili zinazotofautiana mwishoni tu zitakuwa kitu kimoja.

Menengai_KVM (Nakuru):
Naongezea kuhusu skripti yenyewe: ipe diski alias yako (jina la kuitambulisha ndani ya libvirt), <alias name='ua-bakapu'/>. Lazima ianze na ua-, vinginevyo libvirt huitupa na kubuni yake. Inataka libvirt 3.9.0 kwenda mbele. Kuchomoa kwa virsh, amri ya libvirt:

virsh detach-device-alias hesabu ua-bakapu --live

Hapa ndipo wengi huumia: amri ikirudi bila kosa, maana yake ombi limetumwa tu. Fanya umount (kuiachisha diski na mfumo) ndani ya mashine kwanza, toa amri, halafu rudia virsh domblklist (huorodhesha diski za mashine) hadi diski ipotee kwenye orodha. Kabla ya hapo usiguse waya.

Lolwe_Seva:
Asanteni sana. Na kadi za mtandao je? Kwenye seva jina la kadi ya mashine ni vnet3 leo, vnet5 kesho.

FundiKernel:
Shika anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi), na uiandike mwenyewe kwenye XML. Ukinakili mashine tumia virt-clone ili ipate MAC na UUID (kitambulisho cha kipekee cha mashine) mpya. Mashine nayo itambue kwa UUID. Ile Id ya virsh list hubadilika kila inapowashwa.