Naomba ushauri: gitaa ambalo nyuzi zimepaa mno juu ya shingo, tulichukue au tuliache?

Wakuu, habari za leo. Jumamosi tunashuka Arusha mjini watu wanne kutafuta gitaa kavu la nyuzi za chuma, kajoni (ngoma ya sanduku) na kapo (kibanio cha nyuzi shingoni). Hivyo viwili vya mwisho havina shida. Gitaa tulilowekewa dukani, la mtumba, ndilo linanikwamisha.

Pale freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukingama shingoni), uzi mnene umepaa milimita 4 juu yake. Kawaida ni kama 2.5. Nilibana uzi freti ya 1 na ya 14, uwazi kati ya uzi na freti ya 7 ukawa milimita 0.5. Chuma cha ndani ya shingo kikakazwa robo mzunguko, uwazi ukashuka hadi 0.25, lakini freti ya 12 bado inasoma 3.8. Kushusha milimita 1 pale kunadai kusaga kama 2 kwenye kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi juu ya daraja (mbao iliyogundishwa kwenye uso wa gitaa), nacho kimebaki 2 tu juu ya mbao. Daraja lenyewe halijabanduka, karatasi haipenyi chini yake.

Je, kuna fundi Arusha au Moshi anayeng'oa shingo na kurekebisha pembe yake, au tuliache tu hata likishushwa bei?

La pili: baadaye tutakula chakula cha Kichina, na mwenzetu mmoja ana mzio wa karanga. Ni mgahawa gani hapo mjini unapika bila karanga wala mafuta yake, na una nafasi ya kuweka gitaa mezani kwetu? Kuliacha kwenye gari juani hapana, gundi hulainika.