Kahawa ya barafu na late ya barafu: tofauti yake ni ipi hasa?

Muulizaji, Shangani, Mtwara
Ndugu wadau, habari za majukumu. Nina kibanda cha juisi, na kwa joto hili nimeongeza vinywaji vya kahawa. Wapo wanaoagiza kahawa ya barafu na wapo wanaoagiza late ya barafu, nami nimekuwa nikiwapa wote kahawa ileile ya kuchemsha kwenye birika, ila kwenye late naongeza maziwa. Juzi dada mmoja alirudisha glasi akisema kwamba hiyo si late. Nilimrudishia fedha zake, lakini neno lake limenikaa moyoni. Naomba kuelimishwa: tofauti ni maziwa tu, au kuna jambo jingine?

Mdau wa Lindi
Ndugu yangu, dada huyo alikuwa na haki. Nimehudumu miaka minne kwenye mgahawa wa hoteli, na hili tulifundishwa siku ya kwanza. Kahawa ya barafu ni kahawa ya kawaida, ya kuchemshwa au kuchujwa, iliyomiminwa juu ya barafu. Maziwa ni hiari ya mnywaji, na yakikosekana jina halibadiliki. Late ni neno la Kiitaliano lenye maana ya maziwa, na kahawa yake ni espreso: maji ya moto husukumwa kupita kwenye unga laini ulioshindiliwa, kwa shinikizo linalokaribia mara 9 ya lile la hewa ya kawaida, na baada ya sekunde 25 hadi 30 hivi hupatikana kijikombe kizito cha mililita 30. Vijikombe viwili vya namna hiyo hutiwa maziwa baridi yapatayo mililita 150 hadi 200. Kwa kuwa maziwa ndiyo mengi, kahawa nyepesi humezwa, na bila shaka hicho ndicho alichokionja mteja wako.

Mdau wa Mikindani
Naongeza suala la barafu, maana ndilo linaloharibu kahawa nyingi hapa kwetu. Kahawa ya moto ikimiminwa, barafu huyeyuka papo hapo na kinywaji hupooza ladha. Tumia unga uleule lakini punguza maji yakaribie nusu, kisha barafu ijazie kilichobaki. Sukari nayo haiyeyuki vizuri kwenye baridi, hivyo tengeneza shira mapema. Mimi hutumia arabika ya Mbinga, na hainiangushi.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Mashine ya espreso siimudu kwa sasa. Je, niifute late?

Mdau wa Lindi
Kwa sasa iite kahawa ya maziwa na barafu, ili mteja ajue anachokilipia. Ukipata birika dogo la Kiitaliano, lile linalopandisha maji kwa nguvu ya mvuke juu ya jiko, litakusaidia: shinikizo lake ni dogo kuliko la mashine, kwa hiyo halitoi espreso kamili, ila kahawa yake ni nzito kiasi cha kuhimili maziwa. Tena uko Mtwara, jaribu maziwa ya korosho. Loweka korosho mbichi zilizobanguliwa usiku kucha, zisage na maji safi, uchuje. Utapata maziwa mazito yanayowafaa wasiotumia ya ng'ombe. Mwambie mteja kabla hujamwekea, kwa sababu wapo wanaodhurika na korosho.