Tupeane uzoefu: kukamatwa, dhamana na kesi za jinai hapa kwetu Zanzibar

Assalaam alaykum ndugu zangu. Akikamatwa mtu mtaani, barazani hukumu imeshatoka. Akipata dhamana, "kashahonga huyo". Na Katiba yetu ya 1984, kifungu cha 12, inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosa mpaka hatia ithibitike. Aliyewahi kupita kituoni au mahakamani, yeye au mtu wake, atueleze. Majina na vituo tusivitaje, tafadhali.

MwanaWete: Mdogo wangu alishitakiwa kwa wizi wa karafuu. Hakimu akampa dhamana, basi mwenye shamba akaghadhibika, akazunguka kijiji kizima anasema serikali imemwachia mwizi. Jamani, hakuachiwa! Tulihangaika na barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, na kopi za kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ami yangu akatia saini bondi kuwa kijana akitoroka yeye ndiye atakayedaiwa fedha. Pesa mkononi hatukutoa hata shilingi. Kila tarehe tulikuwa mahakamani, na kesi ilisikilizwa mpaka mwisho. Kilichoniuma ni kuwa mama hakwenda harusini muda wote ule, kwa maneno ya watu.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo: Pole mwanangu. Mie nataka kusema la udhalilishaji, yaani ukatili wa kijinsia. Mtaani kwetu mtoto alidhalilishwa, wazee wa pande mbili wakakaa wakasuluhishana, mama mtu akapelekwa kusema amesamehe na anaifuta kesi. Akajibiwa kuwa kesi si yake, yeye na mwanawe ni mashahidi. Anayeshitaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na ndiye mwenye uwezo wa kuiondoa. Lakini sikilizeni: baada ya hapo hakuna aliyekwenda kutoa ushahidi. Kesi ikaanguka, watu wakasema "si mnaona, imefutwa". Haikufutwa, ilinyimwa mashahidi. Mtoto yule namwona kila siku akipita kwenda chuo cha Kurani, na aliyeshitakiwa anakaa nyumba ya tatu. Suluhu ile ilikuwa ya nani?

Shaame_Konde: Na wapo wanaotaka kesi kama hizo ziende kwa kadhi. Kadhi ana ndoa, talaka, mirathi, malezi ya watoto. Jinai si yake.

Mvuvi wa Mkokotoni: Mie niligombana na mtu dikoni, pale tunaposhushia samaki, nikaandikishwa maelezo ya onyo. Askari kayasoma mbiombio, kanipa kalamu. Nikamwomba anisomee tena pole pole. Nilisema nilimsukuma, imeandikwa nilimpiga kwa kasia. Sikutia saini mpaka iliposahihishwa. Baba alinambia ningetia tu, yaishe. Yangeisha wapi, ilhali karatasi ile ndiyo ingesomwa mbele ya hakimu?

Aliyeanzisha mada: Ahsante Mvuvi, hili wengi hawalijui. Maelezo yakiitwa ya onyo, maana yake unaonywa kwanza kuwa hulazimiki kusema kitu, na utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Bi Mkubwa, swali lako ni zito, na mie naona suluhu ile haikuwa ya mtoto.

Ukht_Chake: Kaka yangu yumo rumande kwa tuhuma za mauaji, tumeambiwa hana dhamana. Wakili hatumuwezi. Tufanyeje?

Aliyeanzisha mada: Pole sana dada. Mauaji kweli hayana dhamana, lakini kukosa dhamana si kutiwa hatiani. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 kwa wasio na uwezo. Muulize sheha msaidizi wa sheria wa eneo lenu, na kaka yako aiambie mahakama mapema kuwa hana wakili.