Mjadala: Mfumo wa limbiki bado tuuite "ubongo wa hisia"?

Mtoa hoja: Wakuu, darasani tulikaririshwa kwamba hisia zinakaa kwenye mfumo wa limbiki, yaani kundi la sehemu za ndani ya ubongo, na akili inakaa kwenye gamba la mbele la ubongo. Naomba kutoa hoja: mgawanyo huo ufutwe vitabuni.

Jina lenyewe halikuhusu hisia. Mwaka 1878 daktari Mfaransa Paul Broca aliona sehemu ya gamba iliyozunguka shina la ubongo kama pindo la kanzu, akatumia neno la Kilatini limbus, yaani ukingo. Alitaja mahali, basi. James Papez, mtaalamu wa ubongo Mmarekani, ndiye aliyeleta hisia mwaka 1937: alichora mzunguko wa sehemu za ubongo aliodhani unazalisha hisia, na hipokampasi, sehemu iliyo ndani kila upande wa ubongo, akaiweka humo. Mwaka 1952 Mmarekani mwenzake Paul MacLean akauita "mfumo".

Mwaka mmoja baadaye Henry Molaison, Mmarekani mwenye kifafa kikali, akatolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya. Alisoma gazeti lile lile tena na tena, na kila mara lilikuwa jipya kwake! Hiyo ni hisia au kumbukumbu?

Mpinzani: Mkuu, umeikwepa amigdala makusudi. Ile sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi, moja kila upande, usawa wa panja. Yuko mama ambaye ugonjwa uliziharibu zote mbili. Alimshika nyoka mkononi bila woga wowote. Unataka ushahidi gani tena?

Mtoa hoja: Mama huyo huyo! Watafiti walimvutisha hewa yenye kaboni dayoksaidi asilimia 35, akapatwa na kiwewe cha kukosa pumzi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Woga wake ulipitia wapi, kama lozi hazikuwepo?

Mchangiaji mwingine: Nyote mnavutana juu ya jina. Kifafa kinachoanzia maeneo hayo huweza kutangulia kwa woga wa ghafla usio na sababu, au kuhisi kwamba jambo hili ulishaliona. Daktari akisikia hivyo anajua pa kuanza kutafuta. Ukifuta jina, utampa lipi badala yake?

Mtoa hoja: Aseme amigdala, aseme hipokampasi. Hata orodha ya viungo vya "mfumo" haijatulia: kitabu hiki kinaingiza hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia njaa na joto la mwili, kingine kinaiacha nje. Anayetetea jina atuwekee kwanza orodha yake hapa, na kila kiungo kimeingia kwa kigezo gani.