Mjadala: Kila mjamzito apimwe vitamini D, au tuanze na sukari?

Wadau, kuna hoja kwamba kila mjamzito akifika kliniki mara ya kwanza apimwe vitamini D, kwa kuwa wenye kiwango cha chini mapema katika mimba ndio hupata zaidi kisukari cha mimba. Mimi napinga kuifanya lazima.

Hoja yenyewe haikuokotwa barabarani. Huko Iran, wajawazito wa mji wa Masjed Soleyman walipimwa mapema na waliopungukiwa wakatibiwa, wenzao wa mji wa Shushtar wakabaki na huduma ya kawaida. Matokeo yaliyotoka 2018 yalionyesha kisukari cha mimba kimepungua kwa karibu nusu kule walikopima. Huo ni ushahidi mzito.

Lakini vitamini D hukaa kwenye mafuta. Mama mnene huonekana na kidogo damuni, na unene huohuo unachangia kisukari cha mimba. Basi kiwango cha chini huenda kinatuonyesha unene tu. Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tafiti za afya, mwaka 2019 walisema vitamini D yaelekea kupunguza kisukari hiki. Mwaka 2024, baada ya kuziondoa tafiti zilizotiliwa shaka, hawakuwa tena na uhakika huo. Shirika la Afya Duniani (WHO) nao, 2020, hawakupendekeza kila mjamzito apewe. Anayeshukiwa kupungukiwa ndiye apewe yuniti 200 kwa siku.

Kuhusu jua letu: Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania walipopimwa, utafiti ukatoka 2012, wastani wao wa vitamini D damuni ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya ile 50 ambayo wengi huiona inatosha. Sisemi sote tunaishi kama wao. Mama anayeshinda ndani ya ofisi, au anayejifunika mwili mzima kila atokapo, jua halimfikii. Ndiyo maana nchi za Ghuba ya Uarabuni kuna jua kali na upungufu umeenea. Huyo apewe, sina ubishi.

Kinachoniuma ni kwamba kipimo cha sukari chenyewe akina mama wengi hawakipati. Kijiti kinachovywa kwenye mkojo, rangi haibadiliki, kadi inaandikwa hakuna sukari, mama anarudi nyumbani. Kumbe sukari inaweza kuwa imepanda damuni na mkojo ukawa safi! Kipimo cha maana, kati ya wiki ya 24 na 28, mama anakuja hajala, anatolewa damu, anakunywa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa kwenye maji, anakaa kwenye benchi, anatolewa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vigezo vya WHO vya 2013, milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa glukosi, 10.0 saa ya kwanza au 8.5 saa ya pili, ikifika moja tu inatosha kusema ana kisukari cha mimba. Kinachohitajika ni muda na mtu wa kumsimamia. Vitamini D inataka mashine ambazo zahanati zetu nyingi hazina.

Mwenye uwezo wa kulipia vyote viwili, apime. Ila kwa fedha za umma, anayeunga mkono hoja anijibu: majibu ya vitamini D yakirudi chini, muuguzi atampa mama nini zaidi ya vidonge ambavyo angeweza kumpa bila kupima? Na yule aliyejifungua mtoto wa kilo nne na nusu mimba iliyopita, ambayo ni dalili kwamba yuko kwenye hatari ya kisukari hiki, sukari yake atapimwa lini?