Mjadala: Kaunti iendelee kubeba jina la aliyekuja kuichoma?

Wanajamvi, salaam. Wengi wetu tunaishi huku Kentucky. Louisville na Lexington unakisikia Kiswahili dukani, shuleni na kanisani, hasa kwa ndugu zetu waliotoka Kongo. Watoto wetu wakikutana na jina la Benjamin Logan, kiongozi wa walowezi wa kwanza wa Kentucky, wanakutana na shujaa tu. Mimi nasema hivi: kaunti mbili zimeitwa kwa jina lake; Kaunti ya Logan ya hapa Kentucky ibaki na jina hilo, ila ile ya jimbo jirani la Ohio ibadilishwe. Anayepinga anipinge kwa hoja.

Kwanza nimpe haki yake. Logan alifika Kentucky mwaka 1775, akajenga ngome pale ulipo mji wa Stanford leo. Mei 1777 wanawake walikuwa nje ya ngome wanakamua ng'ombe, wanaume wachache wakiwalinda, mara wakamiminiwa risasi na wapiganaji wa makabila ya wenyeji. Burr Harrison akaanguka, lakini alikuwa bado hai. Logan akatoka huku risasi zikivuma, akamrudisha ndani. Harrison alikufa baadaye kwa majeraha yake. Baruti ilipokaribia kwisha, Logan huyohuyo alivuka milima mpaka makazi ya Holston, akarudi nayo. Mtu wa namna hii kuchaguliwa hakunishangazi hata kidogo. Kuanzia 1781 alikaa katika bunge la Virginia, na Kentucky ilipokuwa jimbo mwaka 1792, akawa mbunge wake hadi 1795. Hata ugavana aliukaribia: mwaka 1796 alipata kura 21 kati ya 53 za wajumbe wa uchaguzi, James Garrard akapata 17. Kura ikarudiwa, Garrard akapita.

Sasa njooni Oktoba 1786, na hapa ndipo ninapokwama.

Logan aliongoza wanamgambo karibu 800, wakavuka Mto Ohio kwenda kwenye vijiji vya Washawnee, kabila la wenyeji wa Amerika. Wapiganaji wengi wa vijiji hivyo hawakuwepo. Waliobaki ni wazee, wanawake na watoto. Chifu Moluntha, mzee ambaye mapema mwaka huohuo alitia saini mkataba wa amani na Marekani kule Fort Finney, aliwapokea akiwa na bendera ya Marekani na nakala ya mkataba wake. Akajisalimisha. Logan alikuwa ameamuru mateka wasiguswe. Hugh McGary, mmoja wa maofisa wake, akamfuata mzee, akamuuliza kama alikuwepo kwenye vita vya Blue Licks vya 1782, ambako watu wa Kentucky walishindwa vibaya na wenyeji, akampasua kichwa kwa shoka. Uchungu zaidi ni kwamba kule Blue Licks, McGary mwenyewe ndiye aliyewachochea wenzake kukimbilia mtego. Vijiji vikachomwa pamoja na mahindi yaliyowekwa akiba ya majira ya baridi.

Mahakama ya kijeshi ikamkuta McGary na hatia. Adhabu yake ikawa kusimamishwa cheo kwa mwaka mmoja.

Najua mtakalosema: Logan hakumuua Moluntha, alikataza. Kweli. Lakini jeshi lilikuwa lake, safari ilikuwa yake, na moto uliowekwa kwenye vijiji haukuwa kosa la McGary peke yake. Kamanda anayeongoza watu kama McGary kwenda kwenye kijiji cha wazee hawezi kuyaacha yote kwenye shoka la mtu mmoja.

Wengine mtaniambia enzi zile kila mtu alikuwa hivyo. Hili nalikataa kabisa. Kwenye mkutano wa katiba ya Kentucky wa 1792, ambao Logan alikuwa mjumbe wake, mchungaji David Rice alipinga utumwa waziwazi, na kifungu cha kuulinda kilipita kwa kura 26 dhidi ya 16. Watu 16 walisema hapana, hukohuko mpakani, miaka hiyohiyo. Na amri ya Logan mwenyewe ya kutowagusa mateka inaonyesha alijua kipi ni kipi.

Kwa nini basi nasema ya Kentucky ibaki? Kwa sababu huku alilinda ngome, akabeba majeruhi, akatunga sheria. Watu wa hapa wana sababu yao ya kumkumbuka. Lakini vile vijiji vilivyoungua viko ndani ya eneo ambalo leo linaitwa Kaunti ya Logan, Ohio. Yaani ardhi ya Moluntha imepewa jina la aliyeongoza jeshi lililomuua. Washawnee walihamishwa kutoka Ohio miaka ya 1830, na leo makabila yao matatu yanayotambuliwa na serikali yako Oklahoma. Hawapigi kura katika kaunti ile.

Kuna jambo moja linanisumbua hata katika msimamo wangu. Katika uvamizi ule wa 1786 alitekwa mvulana wa Kishawnee, Spemica Lawba. Logan alikaa naye, akampa jina lake, kisha akarudishwa kwa watu wake. Jina hilo hakulitupa. Alikufa mwaka 1812 akipigana upande wa Marekani, akijulikana kama Kapteni Logan, na mji wa Logansport, Indiana, umeitwa kwa ajili yake yeye Mshawnee. Kama kuna anayetaka neno Logan libaki Ohio, njia ya kunishawishi ni hiyo: kaunti itamke rasmi kwamba kuanzia sasa jina ni la huyu kijana. Hilo ningelikubali. Ninyi je?