Hiyo tamthilia ya Mwami: ni Mwami wetu au ni Malkia Elizabeth wa Uingereza mliyemvika ngozi ya chui?

Wandugu wa Bukavu na ninyi mlio mbali, uzi huu naufungua na hasira na sitaomba radhi. Tangu juzi mnarushiana kwenye simu kile kipande cha dakika mbili cha tamthilia inayokuja, eti maisha ya Mwami anayetawala, mfalme wetu wa jadi sisi Washi wa Bushi. Naona mnaandika "hatimaye na sisi!" Mimi nilikuwepo siku moja wakipiga picha. Ngojeni niwaambie.

Papa mdogo wangu ndiye aliyepigiwa simu. Ni mzee wa Kabare, marehemu baba yake alikuwa mtu wa kuingia na kutoka kwenye ua wa Mwami. Wakamwomba aje acheze mmoja wa bajinji, wazee wa mila wa Mwami, na aje na kiti chake cha mti na fimbo yake. Dola 10 na nauli. Nikamsindikiza kwa sababu ya goti lake. Saa mbili asubuhi tuko Muhumba, hapa Bukavu, kwenye nyumba ya kupanga yenye nguzo nyeupe na ngazi za marumaru. Mzee akauliza hapa ni kwa nani. Kijana mwenye kofia akamjibu, "Hapa ni kwa Mwami, mzee."

Halafu wakamtoa huyo Mwami. Kichwani ana taji la katoni lililopakwa rangi ya dhahabu, rangi bado mbichi, inanuka mpaka kwenye geti. Jua lilipopanda jasho likateremka nayo, mwigizaji akabaki na mstari wa dhahabu kutoka kwenye paji mpaka puani. Mabegani wamemtupia blanketi la madoa ya chui, lile lile linalouzwa sokoni Kadutu, lebo ya kiwanda bado imeshonwa kwenye pindo. Kwenye hicho kipande chenu, itazameni sekunde anapogeuka. Lebo inaonekana.

Papa mdogo hakupiga kelele. Alimwita yule kijana pembeni: "Mtoto wangu, Mwami wa Bushi ana ishungwe, pambo lake la kichwani la desturi, hana hiki kitu. Na ishungwe haitolewi hovyo mbele ya watu wanaotafuna mandazi." Kijana akacheka. "Mzee, hii ni televisheni, watu wanataka kuona ufalme."

Ufalme wa nani?

Jibu alilitoa mkubwa wao mwenyewe wakati wa mapumziko: "Sisi tunafanya kama The Crown." Hapo ndipo damu iliponichemka, maana hiyo The Crown, tamthilia ya Netflix ya maisha ya Malkia Elizabeth, nimeitazama yote, vipindi 60, usiku, kwa mega za kununua. Ni kweli ilipoanza Novemba 2016 Elizabeth alikuwa hai na yuko kwenye kiti. Lakini msimu ule wa kwanza ulisimulia kuanzia 1947 mpaka 1955: ndoa yake, kifo cha baba yake Februari 1952 yeye akiwa Kenya. Mambo ya miaka sitini nyuma! Wakabadilisha waigizaji watatu, Claire Foy, Olivia Colman, Imelda Staunton, ili uso uende na umri. Na bado Waingereza walinung'unika. Mwaka 2020 waziri wao wa utamaduni, Oliver Dowden, alitaka watazamaji waambiwe wazi kwamba mle ndani kuna kubuni. Netflix wakakataa, kisha 2022 wakaandika wenyewe kwenye maelezo ya trela kwamba ni igizo la kubuni lililotokana na mambo ya kweli.

Na ninyi mnaotengeneza hii ya Mwami, mmeanzia wapi? Kwenye ugomvi wa kifamilia wa mwaka jana, ambao wazee bado wameukalia hata hawajaumaliza. Mtu bado anatawala, ndugu zake wako hai, watoto wake wako shuleni na wenzao wana simu. Hakuna hata mstari mmoja unaosema hiki tumekibuni.

Na kama mlitaka kuiga, si mngeiga basi ile kazi yao ya kuchimba? Skripti niliishika mkononi mzee alipokuwa anatafuta miwani. Kurasa na kurasa za Kifaransa. Mashi, lugha yetu, hamna, hata salamu. Kuna mchepuko, kuna sumu kwenye glasi ya divai (divai! kasiksi, pombe yetu ya ndizi, imewakosea nini?), kuna mtoto wa siri. Ardhi haimo.

Hebu fikirini. Maisha ya Mwami wa Bushi bila ardhi. Nani hapa ambaye babu yake hakupata shamba kwa kalinzi? Unapeleka ng'ombe kwa Mwami au kwa mtu wake, unapewa mahali, watoto wako wanarithi, na wewe unabaki mtu wake. Asiye na ng'ombe anachukua bwasa, shamba la muda tu, analima maharage ya msimu na hathubutu kupanda mgomba. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya 1973, udongo wote ni wa Serikali. Tangu hapo mama mjane anaamka na kalinzi ya mkwe wake, anamkuta bwana wa mjini kwenye uzio na karatasi yenye muhuri. Anakimbilia wapi? Kwa Mwami. Na Mwami naye anakuta mikono yake imefungwa nusu, kwa sababu ni mkubwa wa desturi na ni mkubwa wa sheferi, eneo la utawala wa jadi, inayoripoti Serikalini. Hiyo peke yake ni misimu mitatu, na blanketi la chui halihitajiki.

Mkitaka uhamisho na machozi, yupo Rugemaninzi wa Kabare, ambaye Wabelgiji walimtoa kwenye kiti chake miaka ya 1930, wakamweka mbali na nchi yake mpaka wakati wa uhuru. Huyo ameshapumzika, ni historia, wajukuu wa waliomwona wako Kabare wanaongea bure. Niliuliza mle ndani ni nani amepanda kwenda kuwauliza. Hakuna. London ni mbali, nakubali. Kabare ni pikipiki!

Najua mtakaokuja hapa chini na "acha wivu, ni sanaa". Sanaa naipenda, na vijana wetu wanaoshika kamera bila umeme wa uhakika nawavulia kofia. Yule mwigizaji mwenye mstari wa dhahabu, maskini, anajua kazi. Alipokaa kimya tu uliona mtu mzito. Nawalaumu waliomvika.

Tulitoka saa kumi na mbili jioni. Mzee alikaa juani siku nzima, akasema neno moja mbele ya kamera, "Ndiyo," tena kwa Kifaransa. Alipewa dola 5 na soda ya moto. Zilizobaki na nauli ni kesho. Kiti wakasema kibaki, picha zinaendelea kesho.

Hiyo kesho ina wiki tatu leo. Simu inaita, hawapokei. Kwenye kipande chenu kiti kinaonekana, wamekipaka dhahabu na kile kile. Basi mnaowafahamu wafikishieni: rangi wataitoa wao, na kiti kirudi kabla ya Jumapili, papa mdogo ana wageni wa mahari.